Kwa Salma, Aliyehamia Kwenye Theluji

Mdogo wangu Salma,

Nilikupoteza mwezi wa sita mwaka jana, wiki ile theluji ilipoanza kuanguka milimani. Hukufa, hukuolewa, hatukugombana. Ulifunga begi moja, ukaniachia godoro lako na kanga mbili kwenye kamba, ukapanda basi kwenda kufanya kazi ya msimu, mwendo wa saa sita kutoka hapa Sydney. Ulisema miezi minne. Mimi na hesabu tunaelewana, lakini miezi minne yako imenishinda. Msimu wa huku ulipokwisha ulipita nyumbani siku mbili kufua nguo, ukaenda Japani kwenye theluji ya watu, na ya Japani ilipoyeyuka ukarudi milimani moja kwa moja, bila hata kushuka hapa kwetu Rooty Hill unywe chai. Mtoto wa Tanga mzima, unalikimbia jua kama linakudai.

Naandika wazi, na wengine wasome, kwa sababu nikikutumia ujumbe wa simu unanijibu kwa picha ya kidole gumba.

Nilikutangulia nchi hii miaka mitano, na mimi sikupokelewa na mtu. Nilifagia ofisi za Parramatta, nikasomea kazi ya kulea wazee, mpaka nikapata ajira ya kudumu karibu na Westmead. Wewe nilikupokea uwanja wa ndege na koti mkononi, na kabla hujauliza choo kiko wapi, nilikuwa nimeshakutafutia shifti. Uliangua kicheko. "Dada, niache basi nitue!"

Na safari ile ya kwanza ya theluji, tiketi za basi nilikata mimi. Hilo ndilo linaloniuma. Tulikwenda na akina mama wa Blacktown, tumebeba chapati na chupa za chai kama tunakwenda msibani. Nikapiga hesabu ya kukodi buti, mbao za kutelezea, suruali na mwalimu, nikaona haiwezekani wote wawili. Nikasema mmoja akodi, mmoja alinde mabegi. Ukauliza, "Nani alinde?" huku umeshavaa buti.

Ulianguka mpaka nikaacha kuhesabu, na mimi siachagi. Kisha, jioni inakaribia, ukashuka mlima hadi chini ukiwa wima, mikono umeitanua kama kuku anayefukuzwa, unapiga kelele, "Dada, nitazame! Nitazame basi!" Nikakutazama. Mama mmoja kando yangu akasema, "Huyo mdogo wako hana akili nzuri." Nikacheka naye, lakini moyoni nilikuwa nasema: na mimi nina miguu miwili.

Tuliporudi, maisha yakaendelea. Siku za kazi mimi nilikuwa na wazee wangu, wewe ulikuwa unasafisha wodi. Jumamosi tulikuwa tunapika pilau za harusi na maulidi nyuma ya nyumba, kilo ishirini za mchele kwa sufuria. Hapo, Salma, ndipo nilipokuwa mtu tajiri. Unajua desturi ya kwetu tangu kwa bibi: anayepalia makaa juu ya mfuniko hafunui sufuria. Anafunua mwenziwe, anaonja, anasema ukweli. Bibi alikuwa akisema mpishi akifunua mwenyewe atajisamehe. Mimi nilipalia, wewe ulifunua. Nilikufundisha kufuta majivu kwanza kwa kitambaa kibichi, kisha kuuinamisha mfuniko upande ili yasidondokee wali. Ulikuwa unaonja umefumba macho, unanyamaza makusudi, halafu unasema, "Dada, hongera. Ugali umeiva."

Ulipoondoka nilimwomba jirani, Wanjiku, yule nesi Mkenya, aje anifunulie. Akaonja, akasema, "Iko sawa tu." Iko sawa tu! Kilo ishirini! Jumamosi iliyofuata nilifunua mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita Mama alinitumia ile video yako. Alikuwa ameshaionyesha mtaa mzima Tanga. Uko nyuma ya bweni la wafanyakazi, theluji imekufika magotini, suruali yako ya michezo imezibwa viraka kwa utepe wa gundi. Umepika pilau la makaa. Nikafurahi, wallahi nikafurahi. Halafu akatokea msichana mwenye nywele za kijani, yule unayelala naye chumba kimoja, ukamwambia kwa Kiswahili, "Haya dada, funua."

Dada.

Na anajua, Salma! Alifuta majivu kwanza. Aliuinamisha mfuniko upande. Alionja, akafumba macho, akanyamaza, kisha akasema kwa ulimi wake mzito, "Ugali umeiva!" Mkaangukiana kwa kicheko, na watu kule chini ya video wamejaza mioyo myekundu. Chakula chetu ungewapa wote, nisingesema neno. Hata desturi ungewapa. Lakini mzaha ule ulikuwa wa kunitania mimi. Sasa mnamtania nani?

Mama aliandika chini yake: "Umemwona mwenzio? Mashavu yamemjaa. Na wewe, bado ni wazee tu?"

Nina wivu. Sitauvisha nguo nyingine niuite wasiwasi. Namwonea wivu huyo wa nywele za kijani, na nakuonea wivu wewe. Asubuhi mnatandika vitanda vya wageni, mchana mko mlimani. Mnalala sita chumba kimoja, mnakula supu iliyobaki hotelini, kodi ya chumba wanaikata kwenye mshahara kabla hamjauona, na mkononi mna pasi ya kupandia mlima na magoti yenye michubuko. Mimi nina ajira ya kudumu, nina leseni, nina gari, nina akiba ya uzeeni. Nimezipanga safu mbili, nikalinganisha mstari kwa mstari, na kila mstari nimekushinda. Basi kwa nini anayecheka ni wewe?

Huwa nakuwazia kwenye treni ya asubuhi, watu wameinamia simu zao. Nasema sasa hivi Salma anafunga buti. Nikifika, namvalisha bibi mmoja soksi, naye ananiuliza kila siku kama nina ndugu. Zamani nilikuwa najibu haraka, ninaye mdogo wangu, tunaishi pamoja. Siku hizi namwambia yuko milimani, naye anasema, "Lovely," yaani inapendeza, nami namalizia soksi ya pili.

Ndipo Jumapili ukanitumia sauti yako, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Umesema, nanukuu maana nimeisikiliza kuliko inavyostahili: "Dada, mpishi wetu kateleza kavunjika mkono. Meneja anatafuta mtu mpaka msimu uishe. Nimekutaja. Kitanda kipo. Njoo bwana!" Nyuma yako kuna mtu anacheka, na sauti ikakatika.

Sikuulizi mshahara, nimeshautafuta, ni mdogo. Sikuulizi baridi. Likizo ninayo, sijaigusa tangu uje, na inafika mpaka theluji iyeyuke. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hesabu inakubali jambo la kijinga. Ila sitabeba sufuria zangu saa sita nzima kwenda kuziba pengo la mkono wa mtu, nisimame jikoni kulinda mabegi huku ninyi mkishuka mlima. Umesema umenitaja. Hata fundi wa mabomba hutajwa.

Alhamisi saa kumi jioni meneja wangu anafunga rosta ya zamu na likizo, na akishaifunga haifunguki. Usiniambie "utaona mwenyewe," usiniambie "wewe njoo tu." Kabla ya saa hiyo piga simu, toka nje mahali ambapo hakuna anayecheka nyuma yako, unijibu hili moja: anayenitaka huko ni wewe, au ni meneja wako anayetaka mpishi?

Dada yako wa tumbo moja,
Rooty Hill