Nililiosha Gitaa la Mzee Kitaa

Alhamisi. Asubuhi Kimumu ilikuwa na ukungu na baridi ya kushika masikio, nami nilikuwa nafagia karakana tangu alfajiri, kwa sababu Mama Kiprop, mama wa mteja wangu, alikuwa njiani akija kunigombeza ana kwa ana. Kwenye simu alikuwa ameshanigombeza, lakini alisema simu haitoshi.

Shajara, wacha nikueleze vizuri, maana kichwa changu bado hakijatulia.

Kazi yangu ni kutengeneza magitaa, na wateja wangu wengi ni makanisa. Gitaa la kanisa huja kwangu shingo imevunjika, na kila mara naambiwa lilianguka lenyewe, hakuna mtu aliyelikalia. Nalibandika, linarudi, linaanguka lenyewe tena. Gitaa la mtu mashuhuri sikuwahi kulishika. Ndiyo maana Kiprop alipokuja wiki jana kutoka Chepsaita na gitaa la marehemu baba yake limefungwa kwa blanketi, nilipangusa mikono kwenye aproni mara mbili kabla ya kulipokea.

Baba yake ni Mzee Kitaa. Kama ulikulia upande huu, hulijui jina lake lingine. Alikuwa anasema "kitaa" badala ya gitaa, kama wazee wengi wa Kikalenjin, mtangazaji mmoja akamcheka redioni, na jina likabaki. Vijana wa siku hizi wanadhani ni Sheng, kwamba mzee alikuwa mtu wa mtaa. Alikuwa mtu wa mahindi, aliyepiga gitaa kwa vidole mpaka harusi zikakataa kuisha.

Jumamosi hii ni kumbukumbu yake. Kiprop ametengenezesha sanduku la mbao lenye kioo mbele, liwekwe kanisani kwao Chepsaita, gitaa likae ndani watu walione. Akaniambia, "Fundi, nataka ikuwe mpya kabisa. Mpya ya showroom."

Nikamsikiliza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Gitaa lilikuwa na ufa mrefu tumboni, na vyuma vya kukazia nyuzi vilikuwa vimeshika kutu. Hayo nayaweza. Kilichonishangaza ni ndani. Nilimulika tochi kwenye tundu nikakuta weusi mtupu, na ukilipindua unamwagika unga mweusi. Lilinuka moshi. Nikajiambia, maskini, gitaa la mtu mkubwa namna hii limetundikwa jikoni juu ya kuni kama mahindi ya mbegu!

Nikaingia kazini. Nilisugua kwa brashi, nikapangusa kwa spiriti, na weusi ulipokaidi nikalipeleka kwa waosha magari, wana ile mashine ya kufyonza vumbi. Nilipanga foleni nyuma ya gari la mikate, gitaa mikononi, watu wakinitazama. Jamaa wa mashine akaniuliza kama na nje tulipige sabuni. Nilikataa. Nina akili.

Jumanne nikaweka picha mbili hapa hapa kwenye shajara hii ya blogu: ndani kabla, na ndani baada. Mkanisifu sana. Mmoja wenu akaandika kwamba mbao zinang'aa kama za jana. Nilisoma maneno hayo nikila chapati, nikaongeza ya pili.

Kiprop naye akazituma picha kwenye kikundi cha familia, na mama yake akaziona.

"Wewe msichana, ulipeleka wapi makaa yangu?" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake kwenye simu.

Mimi ni mtu wa Bungoma, si Mkalenjin. Nimeishi Eldoret tangu utotoni, na nimekunywa mursik kwenye kila harusi niliyoalikwa na kadhaa ambazo sikualikwa. Najua maziwa hayo hugandishwa kwenye kibuyu. Najua kibuyu husuguliwa ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa mpaka kikawa kaa, na ndipo maziwa hupata ile rangi ya majivu na ile harufu. Yote nayajua. Lakini nani angefikiri kulifanyia gitaa hivyo?

Mama Kiprop ndiye aliyefikiri. Alipoolewa, mumewe hakuwa na hata ng'ombe mmoja wa maziwa, alikuwa na gitaa. Mama mkwe akamtania kwamba kibuyu chake ndicho hicho, akitunze. Basi bibi harusi, kwa hasira na utundu, akalisugua gitaa ndani kwa kaa la senetwet. Mzee alicheka, akapiga, akasema sauti imenona. Tangu hapo kila alipotayarisha vibuyu vyake alitayarisha na gitaa, na mzee alipofariki hakuacha.

Mimi nikalipeleka kwa mashine ya waosha magari.

"Hiyo kitaa yako ya hospitali haiingii kwa kioo," aliniambia kwenye simu. "Irudi vile ilikuwa, ama Jumamosi mkae na sanduku tupu. Kapisa."

Jana nikaenda Kiplombe kutafuta senetwet kando ya mashamba. Mwenye shamba mmoja aliuliza nina vibuyu vingapi nyumbani. Nikamwambia ni vya gitaa. Akanitazama kwa huruma, akanikatia matawi mwenyewe ili niende haraka.

Leo Mama Kiprop ameingia karakana na gambuti zake na shali ya sufu, salamu yangu hakuipokea. Alilichukua gitaa, akaingiza pua kwenye tundu, akakunja uso.

"Inanuka sindano."

Tukawasha jiko mlangoni, tukachoma yale matawi ya senetwet. Jirani yangu fundi cherehani akaja mbio na beseni la maji, nikamzuia kwa mikono miwili. Mama Kiprop alikaa kwenye kigoda, akalilaza gitaa mapajani, akaingiza kijiti chenye kaa na kuanza kusugua kila kona, bila kuangalia. Kazi yangu ilikuwa kushika shingo. Aliniambia ninashika kama polisi. Alinusa, akasema bado. Akasugua tena, akanusa, akasema bado. Mimi nilikuwa mweusi mpaka viwiko.

Kwa kutaka kujisafisha jina, nikamwonyesha ufa nilivyouziba, hauonekani hata ukitafuta. Nikamwambia sauti sasa imerudi yote, nikiweka nyuzi naweza kumpigia wimbo mmoja wa Mzee, wowote anaoupenda.

Hapo akacheka kwa mara ya kwanza.

"Nyimbo? Mimi sikupenda nyimbo zake. Zote ni moja. Yeye alikuwa anapika kitaa, mimi napika ugali, kila mtu na kazi yake."

Nikamuuliza, sasa Mama, makaa yote hayo ya nini?

Akaacha kusugua. "Alikuwa anaenda, anakaa huko wiki nyingi. Akirudi, shati yote inanuka watu. Inanuka pombe, inanuka marashi ya nani sijui. Lakini hapa," akajipiga kifuani, "hapa kitaa inalala, palikuwa pananuka nyumba yangu. Hao wasichana wa Nakuru wakimkaribia wanajua huyu ako na mwenyewe."

Shajara, nilicheka mpaka nikaliachia gitaa, naye akalidaka. Halafu nikaona yeye hacheki tena, nami nikaishika shingo upya. Nilijisikia vibaya sana. Nilikuwa nimefuta kwa spiriti kitu ambacho huyu mama alikiandika ndoa nzima, na nikajisifu mbele yenu.

Akasugua tena. Akainama, akaingiza pua kwenye tundu, na safari hii hakuinuka. Alikaa hivyo muda mrefu, nikadhani amesinzia. Jirani yangu akaweka beseni chini pole pole.

"Huyu sasa ndiye," akasema, bado ameinama. "Amefika. Na hajaoga."

Alilifunga mwenyewe kwa shali yake, akanipa mkono, ule mkono mweusi, akaondoka. Jumamosi gitaa litakuwa ndani ya sanduku, Kiprop amenishukuru mpaka akaishiwa maneno. Ningepaswa kuwa na furaha.

Lakini nimeoga, nimekula, nimekaa hapa kuandika, na swali limenikataza kulala. Kioo kikishafungwa, watu wote wakaliona gitaa vizuri, yule mama atalinusaje?

Mgongo wa sanduku ni mbao. Drili ninayo. Kesho asubuhi, hata kabla ya chai, nakwenda Chepsaita kutoboa tundu moja huko nyuma, la kutosha pua ya mtu mmoja. Kiprop akiuliza ni la nini, nitamwambia ni la hewa.