Maji Aliyoyachemsha Mama

Mbweni, Unguja

Kwa kaka yangu Hamid,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Maskati, wewe, Wifi na watoto. Sisi tunapumua, alhamdulillahi, ingawa tangu tumzike mdogo wetu Mardhiya sijui kama huku ni kuishi. Najua Mama ameshakupigia akilia kwamba nimempokonya mjukuu. Nisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unajua Mardhiya alirudi Matemwe kujifungulia kwa Mama, kama ada yetu kwa mimba ya kwanza. Mama alimshika kama yai. Tangu alipohimizwa kuchemsha maji wakati wa kipindupindu, hajanywa maji mabichi, na kwa mwanawe alizidisha: sufuria ilichemka mpaka maji yakabaki nusu, akisema hayo ndiyo safi kabisa. Mardhiya alipovimba miguu, akamhimiza anywe zaidi. Kifafa cha mimba kikamchukua, akatuachia Nasima.

Siku ya hitima ndipo nilipoyaonja maji hayo ya kisima cha Mama, mimi niliyezoea kwenda na chupa yangu ya dukani. Kaka, chumvi! Bahari imeingia kisimani, na Mama ameshazoea, haihisi tena. Kila mwaka nawachemshia wanafunzi wangu wa kemia maji ya bahari waone chumvi ikibaki chini ya chombo. Moto huua vijidudu kwa sababu vina uhai. Chumvi haina uhai wa kutolewa. Mvuke huondoka peke yake, chumvi ikabaki na kukolea, na ikizidi mwilini hupandisha presha. Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomuua, daktari hakusema hivyo. Lakini silali.

Na kwa maji hayohayo Mama alikuwa akimkorogea Nasima maziwa ya kopo. Nilimpelekea maji ya dukani, akawagawia waliokuja kuhani, akisema haamini maji ambayo hakuyachemsha mwenyewe. Nikaona hapana budi nimwambie. Nilipofungua mdomo tu, akaniambia faraja yake ni moja, kwamba Mardhiya hakunywa hata tone la maji machafu nyumbani kwake.

Nikaufunga. Badala yake nikamwambia amezeeka, hawezi kulea, nikambeba mtoto nikaondoka. Maneno hayo nilimwambia mama yangu mzazi. Kificho, baba wa mtoto, ameniridhia bila kuniuliza sababu. Mama ameapa nisikanyage kwake, na akifa nisimuoshe.

Nakuomba usinitetee. Nilaumu pamoja naye, kwa kuwa ukinitetea itabidi umwambie. Ila yeye bado anayanywa, Kaka, na mimi hanisikilizi tena. Mtafutie sababu yoyote ya kukiacha kisima kile, isipokuwa hii.

Nasima hajambo, ameanza kucheka. Wifi na watoto wape salamu zangu. Mama naye nisalimie, ukiona anaweza kulisikia jina langu.

Mdogo wako,
Shadya