Baba, Redio Yako Sasa Ina Betri

Mpendwa Baba,

Nimekaa kwenye benchi lako nje ya mlango, hapa mtaani Jericho, na redio iko dirishani palepale ulipoiacha. Nimeipangusa vumbi asubuhi. Usiwe na wasiwasi, sijagusa stesheni.

Unaikumbuka sheria mliyoweka wewe na Baba Atieno, jirani yetu wa mlango wa pili? Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi jioni ilikuwa stesheni ya chama chako. Jumanne na Alhamisi ya chama chake. Jumamosi ilikuwa ya mpira, Jumapili ya nyimbo za kanisa. Asiye na zamu aliruhusiwa kuguna na kukohoa, lakini si kuzima. Wewe, mstaafu wa reli, uliguna kama garimoshi linalopanda mlima, mpaka Mama anatoka jikoni kuuliza kama unaumwa. Nilicheka sana siku hizo.

Mchambuzi wako wa siasa wa redioni ulimwamini kuliko pasta. Alikuwa na jibu moja kwa kila shida: watu wa upande ule. Barabara ikiharibika, upande ule. Mvua ikichelewa, upande ule. Na yule wa Baba Atieno alisema maneno hayohayo, ila kidole kimeelekezwa kwako. Nilipowaambia kwamba hao wawili wangebadilishana viti na msingegundua, mlikubaliana kwa mara ya kwanza wiki hiyo: kwamba mimi sijui siasa.

Halafu ikaja wiki ya vidonge. Jamaa wa mwanasiasa mmoja wa upande ule alisemekana kuwa mraibu wa dawa za maumivu, na mchambuzi wako akapata la kusema siku zote. Alidai hao ni watu waliolelewa bila nidhamu. Ulicheka mpaka ukashika mgongo. Ni mgongo huohuo uliopasuliwa miaka miwili kabla, ukaandikiwa dawa za wiki mbili. Hatukujua kwamba ile karatasi ya daktari bado ilikuwa inatembea, leo duka la dawa la hapa sokoni, kesho la kule soko la Muthurwa, na kwamba hakuna aliyeangalia tarehe.

Ijumaa ya wiki hiyo, saa kumi kasoro dakika chache, stima ikapotea. Nikakimbia dukani kununua betri, maana redio yako ilichomekwa ukutani, haikuwahi kutiwa betri hata siku moja. Niliporudi ukasema tuache, leo tuongee tu bila redio. Mimi na Baba Atieno tukaangaliana. Wewe, siku ya Ijumaa, bila redio? Baba Atieno akaichukua, akafungua kifuniko cha nyuma, na vidonge vyeupe vikamwagika kiganjani mwake.

Baba Atieno, kwa kukosa la kufanya, akaviweka dirishani, akatia betri, akawasha. Mchambuzi wako akaingia na moto wake wa Jumatano. Hao wanaomeza vidonge, alisema, hawana aibu, hawana hata kwao.

"Zima," ukasema. "Anayemwongelea ni mimi."

Haikuwa zamu ya Baba Atieno, lakini alizima. Angeweza kukucheka miaka kumi. Badala yake alisogea karibu yako kwenye benchi, akakuuliza unameza vingapi kwa siku, nawe ukamwambia. Mama alilia. Mimi nilibaki nimeshika kifuniko cha redio mkononi, sijui nikiweke wapi.

Kule kliniki, daktari alisema usiache ghafla. Utapunguza polepole, na mtu wa karibu akuwekee dawa, akupe kwa kipimo. Mama akanyoosha mkono, ukakataa. Ukanikataa na mimi. Ukamtaja Baba Atieno. Daktari akashangaa, kwa nini jirani?

"Huyu miaka ishirini sijaweza kumbadilisha mawazo," ukasema. "Hata kwa dawa sitaweza."

Na kweli hukuweza. Ulimwomba, ulimnunia, ulitoka jasho na kutetemeka mbele yake, ukakitukana chama chake. Siku moja ukajaribu hata kukisifu, naye akacheka mpaka machozi, halafu akakunyima. Miezi ikapita. Kidonge kikawa nusu, nusu ikawa hakuna. Siku ile ya mwisho Mama alichinja kuku wawili na kusonga ugali wa wimbi, na ulicheza kibarazani na mgongo wako mbovu mpaka majirani wakaja kuona kuna nini.

Bado nina hasira kidogo, Baba, na mchambuzi wako, na wale wa maduka ya dawa waliokuuzia bila kuuliza. Redioni uraibu ulikuwa na chama. Kwetu ulikuwa na mgongo unaouma na baba aliyeona haya kusema. Wiki nzima mtu yule alikutafuta upande ule, nawe ulikuwa hapa unamshangilia.

Lakini nikikumbuka, furaha ndiyo inayotangulia. Tulipata miaka tisa nawe, mzima, mbishi, ukiguna kila Jumanne na Alhamisi mpaka wiki ile moyo wako ulipochoka.

Jumatatu ya kwanza baada ya kukuzika, Baba Atieno alikuja saa kumi na fimbo yake. Kwa heshima nilikuwa nimemwekea stesheni yake. Alisikiliza kidogo, akanyoosha mkono, akairudisha kwa mchambuzi wako, mtu ambaye yeye mwenyewe hawezi kumvumilia hata dakika moja.

"Leo ni Jumatatu," akaniambia. "Ni siku ya babako."

Amefanya hivyo hadi leo. Leo ni Ijumaa, Baba. Amekaa hapa kando yangu, anaguna.

Pumzika. Zamu yako inalindwa.

Kifungua mimba wako,
Nekesa