Matanga ya Shinyalu

Amalemba, Kakamega.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai miguu imepungua kuvimba na kwamba hapo Lamu nyote mmeamka salama. Mimi ni mzima wa mwili.

Umeuliza kama watu wa huku wamenidhuru. Hapana, mama. Tangu lile shambulio la magaidi kule Nairobi wananitazama tu. Zamani wakija kununua mahamri waliniuliza kama kweli maji ya bahari yana chumvi. Sasa wanauliza, "Kwenu na Somalia ni karibu?" Nikipita, wanapunguza sauti.

Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Wycliffe, soja wa getini pale palipovamiwa, mtoto wa Mama Khasandi mwenye nyumba wangu. Alizikwa kwao Shinyalu. Nilivaa buibui langu, nikabeba unga na sukari, nikaenda kwa bodaboda. Mlangoni vijana walinisimamisha. Walipekua mkoba, wakamwaga sukari kwenye nyasi, mmoja akaichokorachokora kwa fimbo. Nilisimama nikiitazama. Sikuona hasira wala aibu.

Mama Khasandi akaja mwenyewe. Nilidhani atawafokea. Hakuwafokea.

"Fatuma, wewe unaombanga kila siku. Hawa watu waliua wanaombanga Mungu huyo huyo?"

"Wanalitaja jina lake, mama."

"Basi niambie, mtoto yangu aliwakosea nini?"

Nikaufunga mkoba wangu. Akasema, "Kuja ukae. Lakini usikae mbele."

Nikakaa nyuma, karibu na wanawake waliokuwa wakisonga obusuma, sima yao. Waliniachia nafasi kubwa kuliko niliyohitaji. Mchungaji alimwomba Mungu ailinde nchi na wageni, nami nikaitikia amina pamoja na wengine kabla sijaelewa ni nani anayesemwa.

Jana Mama Khasandi alinigongea. Hakuingia.

"Mwezi ukiisha utafute nyumba ingine. Si ubaya, Fatuma. Ni vile nikikuona na hiyo nguo asubuhi, naona ile siku."

Nikamwambia nimeelewa. Na kweli nimeelewa, mama, tena upesi mno. Nilifunga mlango nikaendelea kukanda unga. Nangoja kulia, machozi hayaji.

Kaka Swaleh kila akipiga simu hunambia watu wa bara wote ni wamoja, nirudi. Hapa nako nasikia kwamba sisi wa pwani wote ni wamoja. Ni maneno yale yale, na masikio yangu yamechoka. Sijaamua kurudi. Tafadhali usimwambie kwamba nimetolewa, maana atafurahi kuwa alisema kweli. Mwambie nimepata nyumba yenye maji ya mfereji.

Nisalimie shangazi Mwanaisha, na mke wa Swaleh, unibusie mtoto wake mchanga ambaye bado sijamwona. Niombee, mama. Mimi siku hizi naswali, ila sijui naomba nini.

Mwanao,
Fatma