Jaketi la Baba Mdogo Halikauki

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisaidie na unisamehe mwandiko, mimi ni msichana wa miaka kumi na sita na watu wakinitazama maneno hunikwama kooni, ndiyo maana naandika. Baba ni nahodha wa mashua ya tanga inayopeleka saruji na soda visiwani, na kuanzia Jumamosi, kwa likizo yote, nitasafiri nao kama baharia, yaani mimi, Baba, kaka yangu na baharia mmoja tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Nafasi ninayoziba ni ya baba mdogo. Mwaka jana, mchana kweupe, bahari imetulia kama maji ya beseni, alikwenda omo, mbele kabisa ya mashua, kufungua kamba iliyonasa, mti wa tanga ukageuka ghafla, na walipotazama hayupo, kofia tu inaelea. Jaketi lake la kuokoa maisha lilikuwa limetundikwa msumarini, kwa sababu sheria ya Baba ni moja, majaketi yanavaliwa akisema yeye, na yeye husema upepo ukishachafuka. Kuvaa kwenye shwari, anasema, ni kuibipu bahari, nayo itapiga.

Sasa mshauri, nimeshakwenda nao safari mbili za kujifunza, na ndipo hofu yangu ilipoanzia. Majaketi yapo manne na langu ndilo hilo lake. Yale mengine ni makavu, hili lina unyevu hata jua likiwaka, na ukiligusa lina ubaridi kama wa kitu ambacho mtu ametoka kukivua sasa hivi. Vifungo vyake vyote nilivikuta vimefungwa, kifuani na kiunoni, kana kwamba kuna mtu ndani. Nikavifungua kimyakimya. Safari ya pili nikavikuta vimefungwa tena. Filimbi yake ya kuitia msaada haipo, uzi tu unaning'inia, lakini tulipopita pale alipoangukia, mkondo tu unatusukuma, hakuna upepo, hakuna chombo kingine, nilisikia filimbi nyuma yetu, mara moja, ndefu. Kaka akasema, "Ndege huyo, acha woga." Redio alinyamaza mpaka tukafunga gati.

Ndani ya jaketi kuna kitambaa kimeshonwa, kina maandishi ya ile lugha nyingine tunayosomea shuleni, nikamtafsiria Baba: vaa kabla hujalihitaji. Akasema, "Aliyeandika hayo yuko ofisini, miguu mikavu." Nikaona aibu, nikaenda kukunja kamba ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Mshauri, naogopa kulivaa na naogopa kutolivaa, na zaidi naogopa kumtajia Baba habari za mdogo wake. Nifanyeje?

Binti wa Nahodha

*

Marahaba, Binti wa Nahodha. Poleni kwa msiba, na sasa kaa nikuseme kidogo. Umeogopa jaketi, hukuogopa sheria iliyolitundika msumarini. Baba yako mdogo hakuchukuliwa na dhoruba. Alichukuliwa na shwari, akisubiri upepo umpe ruhusa ya kuvaa.

Mimi pia nimelelewa nyumba ya mabaharia. Nguo iliyoloa maji ya bahari isisuuzwe haikauki, chumvi yake hunyonya unyevu. Basi jiulize, kama jaketi lilikuwa msumarini, liliingia baharini lini? Kuna mtu alilirusha akiita jina la mdogo wake, na likarudi tupu. Mtu huyo hajataka kulisuuza mpaka leo, na nadhani ndiye anayelifunga vifungo, kama alivyomfunga mdogo wake shati la shule zamani. Huyo hahitaji kutafsiriwa kitambaa. Mwambie, "Baba, usije ukanirushia. Nivalishe." Maneno yakikwama, mpe ukurasa huu asome, na usikimbie akisoma.

Jaketi lisuuze kwa maji ya bomba, lianike, livae kabla kamba ya gati haijafunguliwa na ulivue ikishafungwa tena. Na usidhani jaketi linatosha, maana linakufanya uelee tu, na mashua ya tanga haigeuki upesi kumfuata mtu. Anayekwenda omo, anayepunguza tanga, anayebaki peke yake sitahani, na kila mmoja wenu giza likiingia, avae mkanda wa usalama wenye kamba fupi isiyomfikisha majini, aifunge kwenye chuma imara kabla hajainuka, si akishafika. Hata shwari iwe shwari. Na wa kwanza awe Baba, wengine watafuata. Akikataa, Jumamosi baki nchi kavu. Wakuite mwoga, utawasikia ukiwa hai.

Kwenye ule uzi funga filimbi mpya. Kuhusu ile ya zamani sina jibu, na sitakutungia. Ndege wa sauti hiyo simjui. Ukiisikia tena usigeuke kutafuta. Pitisha mkono kifuani, uhakikishe umefunga.