Baba Alikuja Kuniona Nikipiga

Cedar Bluff, Iowa
Agosti, 1978

Kwako dada Arlene,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mahindi yenu yamepona ile mvua ya mawe. Mimi mwili hauna neno, ila goti linanung'unika kama kawaida yake. Kinachonisumbua ni kutotulia. Tangu Baba arudi huko kwenu, sikai nikakalika. Nimeianza barua hii, nimesimama, nimezunguka chumba, nimekunywa kahawa iliyopoa, nimekaa tena.

Najua kwako besiboli ni wanaume wazima wanaotema mate uwanjani, basi nivumilie kidogo. Mimi hupigia upande wa kushoto. Mrushaji wa mkono wa kulia nauona mpira wake tangu unapomtoka vidoleni. Wa mkono wa kushoto, mpira hunijia kama unatokea nyuma ya mgongo wangu, na nikiufuata unanikimbia. Ndiyo maana kocha wetu, mzee Pruitt, ameniweka pamoja na Wilfredo, kijana wa Jamhuri ya Dominika anayepigia upande wa kulia. Akirusha wa kulia nacheza mimi, akirusha wa kushoto anacheza yeye, na anayetolewa harudi tena siku hiyo. Wenzetu wanatuita wake wenza, na kila tukifika uwanjani wanauliza leo ni zamu ya nani.

Msimu huu kila Baba alipofunga safari alikuta zamu ya Wilfredo. Mara ya mwisho alinipigia kelele kutoka jukwaani, watu wote wakisikia: "Dwight, mwanangu, benchi hilo unaliatamia kama kuku! Utaangua lini?" Nilicheka na wengine, lakini iliniuma. Nawe unajua daktari alivyosema juu ya macho yake, kwamba theluji ikianguka huenda asiione.

Kwa hiyo Jumamosi, timu ya wageni ilipotangaza mrushaji wa kulia, nilikimbilia simu. Jirani yenu Hoekstra akamleta Baba, na darubini yake ya kuwindia shingoni. Kumbe tulitegwa. Yule wa kulia alimrushia mpigaji wetu wa kwanza peke yake, maana sheria haimruhusu kutoka kabla ya hapo, kisha akaenda zake akitafuna ubani, na akaingia mwingine mrefu, wa kushoto. Pruitt alitupa kofia chini, akasema yule kocha mwenzake ni mwizi, tena mwizi wa mchana.

Zamu yangu ilifika tukiwa na wakimbiaji wawili njiani, wakingoja mpigo wa kuwarudisha. Baba alikuwa ameshasimama, darubini machoni. Pruitt akanivuta kando, tukanong'ona kidogo, nikarudi benchi na gongo langu la kupigia. Wilfredo akaingia, akaupiga mpira hadi ukutani, wakimbiaji wote wawili wakafika kituo cha mwisho tunachokiita nyumbani, zikawa pointi mbili, na tukashinda. Wenzangu walinipiga mgongoni wakisema mke mkubwa ana moyo.

Langoni nilimwambia Baba kwamba kocha ndiye aliyenitoa. Akamwendea Pruitt moja kwa moja, akamwambia hata mbwa huachwa abweke mara moja, akakataa kumpa mkono. Pruitt alinitazama, kisha akavua kofia akamwomba Baba radhi. Mimi nilisimama pale nikiangalia viatu vyangu.

Arlene, Pruitt hakunitoa. Aliniambia baba yangu yupo, kwa hiyo kupiga ni haki yangu nikitaka, na tukifungwa tufungwe. Ni mimi niliyesema apige Wilfredo. Ingekuwa kwa ajili ya timu, ningelala usingizi wangu. Niliogopa. Niliogopa kwamba kitu cha mwisho Baba atakachokiona kwangu ni mimi nikipiga hewa, nikaona afadhali asione chochote.

Jana nilimwendea Pruitt nikamwomba nicheze Jumapili, tutakaporudiana na wageni wale. Akaniuliza kama najua nani anarusha. Nikasema najua. Akakuna kidevu, akasema basi nitapiga mara moja, nikishindwa nirudi benchi na asisikie kilio cha mtu. Wilfredo amekubali, ila ameniomba nisimharibie jina la nyumba.

Kwa hiyo mlete Baba wewe mwenyewe, Hoekstra aendeshe gari, na mkae safu za mbele. Anayerusha ni wa kushoto, tena yule yule mrefu. Maandishi Baba hayaoni tena, basi umsomee barua hii njiani, yote, usiruke pa Pruitt wala pa woga wangu. Nataka nikisimama pale awe anajua mtu anayemtazama kwa darubini yake ni nani.

Wasalimie shemeji na watoto, na umbusu Baba kabla hujaanza kusoma.

Ni mimi mdogo wako,
Dwight