Viatu Alivyoninunulia Baba

Mjukuu wangu Furaha,

Huku ugenini Umbilo tuko wazima. Mama yako anasuka kwenye saluni mpya, baba yako bado anapakia malori bandarini.

Unauliza kwa nini binti wa ile hadithi ya Kituruki mnayosoma huko chuoni anashindwa kumjibu baba yake. Mimi namwelewa vizuri. Nilipokuwa msichana kwetu Uvira, baba alininunulia viatu vya kanisani.

"Vinakutosha?"

"Ndiyo, baba."

Vilinibana mpaka nikatoka damu. Baba aliiona. Asubuhi nikamkuta na kisu, anavikata mbele ili vidole vipate nafasi, wala haniangalii. Kumbe hata yeye maneno yalimshinda.

Baba yako ananiuliza kila jioni kama umenipigia simu. Kukupigia mwenyewe anashindwa. Mpigie wewe.

Bibi yako